Tangazo limetolewa, watu hawakuja: kuitafuta kasoro katika mawasiliano ya msikiti

Mimi ni katibu wa kamati ya msikiti wa Ijumaa katika kijiji kimoja cha pwani, Wilaya ya Micheweni, kaskazini mwa Pemba. Kwetu katibu ndiye anayeshika daftari la jamaa wa msikiti, ndiye anayetangaza misiba, vikao na michango, na siku hizi ndiye anayeshika simu ya grupu la WhatsApp. Nawaandikia wenzangu wa kamati, Pemba na Unguja, wanaotangaza jambo asubuhi na ikifika jioni wakaulizwa: "Mbona sisi hatukuambiwa?"

Swali hilo linauma, kwa sababu wewe unajua kwamba ulitangaza. Hapo ndipo tunapopotea wengi wetu. Tunaanza kujitetea, tunasema watu wameupa msikiti mgongo, au spika imechoka inatakiwa nyengine. Lakini tangazo lina safari. Linatoka, linafika, linafahamika, linaaminika, kisha mtu awe na nafasi ya kulifuata. Likikatika popote katika safari hiyo, mwisho wake ni ule ule: mtu hakuja. Kwa hiyo kabla hujagusa waya wala hujachangisha pesa ya kununua kitu, nenda kwa mtu aliyekosa. Kaa naye barazani kwake, muulize tangazo lilimfika vipi, na lilipomfika alifahamu nini. Usiwaulize waliokuja, maana kwao hapakuharibika kitu.

Nyumba za upande mmoja hazisikii

Hapa spika ndiyo ya kwanza kulaumiwa, na mara nyingi haina kosa. Uliza: hawasikii mwaka mzima, au miezi fulani tu? Kama ni miezi fulani, ni upepo. Kusi likivuma, nyumba zilizo kusini mwa msikiti hupata mabaki ya sauti, na kaskazi likiingia mambo hugeuka. Sababu ni kwamba upepo wa juu huenda kasi kuliko wa chini, na sauti inayokwenda kinyume na upepo hupindishwa kuelekea juu, ikapita juu ya mapaa ya watu. Ukiongeza sauti unawaumiza masikio walio karibu na mnara, na yule wa mbali anabaki vile vile.

Kwetu honi zote mbili, yaani spika za mnarani, zilikuwa zinaangalia barabara, kwa sababu fundi aliyezifunga alisimama barabarani alipokuwa anazijaribu. Tuligeuza moja kuelekea kusini, na nyumba kadhaa ambazo kila mwaka zililalamika tangu kusi kuanza mpaka kuisha zikaanza kusikia. Hatukununua kitu.

Kama hawasikii mwaka mzima, panda juu uangalie honi zimeelekea wapi. Honi hurusha sauti mbele yake kama tochi inavyorusha mwanga. Aliye nyuma yake hupata kidogo. Angalia pia kama kuna nyumba mpya ya ghorofa au mwembe uliokua ukaziba njia. Mkiamua kuongeza honi, someni kwanza nambari za omu, kipimo cha ukinzani wa umeme, zilizoandikwa mgongoni mwa ampli, mashine ya kukuza sauti, na mgongoni mwa honi. Honi 2 za omu 16 zikifungwa sambamba huwa omu 8, na honi 4 huwa omu 4. Ampli ambayo kikomo chake ni omu 8, ukiitwisha omu 4 itapata moto, itakata sauti katikati ya adhana, na mwisho itaungua. Mafundi wengi wanalijua hilo, lakini wasipoambiwa kwamba honi ya nne imeongezwa mwaka jana na fundi mwengine, hawawezi kulibashiri.

Halafu kuna misikiti iliyokaribiana. Sauti huenda kiasi cha mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo misikiti miwili ikitangaza kwa pamoja, aliye katikati husikia maneno yamepandana hata asipate jina wala saa. Adhana ina wakati wake. Tangazo linaweza kungoja dakika tatu jirani amalize.

Sauti inapiga mluzi, inakwaruza, inakatika

Mluzi ni maiki inayosikia spika yake yenyewe. Sauti inatoka, inaingia tena kwenye maiki, inatoka kubwa zaidi. Teremsha sauti kidogo, isogeze maiki karibu na mdomo, na spika ya ndani iwekwe mbele ya anayesema, isiwe nyuma yake.

Mkwaruzo ni maradhi mengine, na sisi watu wa pwani ndio tunaoyajua zaidi. Mwaka mmoja tulinunua maiki mpya mara mbili, na mkwaruzo ukabaki pale pale. Siku moja nilipanda paani pamoja na fundi. Akashika kiungo cha waya kilichozungushiwa tepu nyeusi, akakibinya kwa vidole viwili, pakatoka maji. Alipoifungua ile tepu, shaba ilikuwa kijani, inapukutika kama unga. Chumvi ya bahari ilikuwa imeila. Tukakata waya kiasi cha shubiri mpaka ikaonekana shaba nyekundu, tukalehemu, tukapaka grisi, tukafunga upya na kukiacha kiungo kining'inie ili maji ya mvua yadondoke yasisimame. Kazi ya nusu saa. Tangu siku ile viungo vyetu hukaguliwa mara mbili kwa mwaka, kabla ya masika na kabla ya vuli, na tarehe ya ukaguzi inaandikwa daftarini.

Umeme ukikatika, ampli nyingi za misikitini zina mahali pa kuunganisha betri ya volti 12. Betri iwepo, iwe imechajiwa, na awepo zaidi ya mtu mmoja anayejua kuiunganisha. Waliokuwepo Unguja kutoka Disemba 2009 hadi Machi 2010, kisiwa kizima kilipokosa umeme baada ya hitilafu ya kebo ya baharini, hawahitaji kuhimizwa kuhusu hili.

Wamesikia, lakini hawakujua aliyekufa ni nani

Hapa nitakaa, kwa sababu kosa hili nimelifanya mimi.

Asubuhi moja alifariki bibi mmoja wa mtaa wa pili. Mtoto wake alikuja na kitambulisho cha marehemu, nami nikasoma kwenye spika majina matatu kama yalivyoandikwa, nikataja saa ya sala, nikafunga. Sala ikasaliwa, maziko yakapita. Alasiri nikapita kwa bi mkubwa mmoja ambaye ndiye muosha maiti wa kike wa kijiji chetu kwa miaka mingi. Nilimkuta ukumbini anasuka ukili.

"Mwanangu, leo kafa nani?"

Nikamtajia majina yale yale matatu. Akatikisa kichwa kwamba hamjui. Nikamtajia jina la nyumbani, lile ambalo kila mtu alimwita marehemu tangu utoto wake. Ukili ukamtoka mkononi.

"Yule mwenzangu wa chuo cha Kurani?" Akanyamaza muda mrefu. "Nimekusikia wewe mwenyewe kwenye spika, mwanangu. Nikasema huyo simjui, atakuwa mtu wa Msuka. Tumesoma msahafu mmoja, tumeolewa mwaka mmoja. Nimewaosha watu wote, yeye nimeacha aoshwe na wengine."

Sikuwa na jawabu. Nilikaa naye mpaka Magharibi.

Spika ilikuwa nzima, upepo haukuwepo, maneno yalisikika mpaka baharini. Tangazo lilifika na halikufahamika, kwa sababu nililitunga kwa jina linalojulikana na karatasi. Watu wetu wanajulikana kwa watoto wao, kwa wazazi wao, kwa kazi zao, kwa mtaa na kisima walichochotea maji. Wako wanawake wazima hapa kijijini ambao jina lao la cheti halijulikani hata na majirani wa ukuta mmoja.

Tangu hapo hatusomi tanzia bila kukaa kwanza na mtu wa nyumba ile tukamuuliza: anaitwaje na watu? Ni mama wa nani, dada wa nani, mke au mjane wa nani? Nyumba iko wapi? Na jina la utani tunaliomba idhini, kwani mengine yana maudhi ndani yake, na Suratul Hujurat, aya ya 11, imekataza kuitana kwa majina mabaya. Familia ikikataa jina la utani, tunamtambulisha kwa watoto wake.

Tangazo lenyewe tunalisoma hivi: "Tanzia." Kisha tunanyamaza kwa muda wa kuvuta pumzi mbili, ili redio izimwe na watoto watulizwe. "Amefariki Bi Fulani, majina yake kamili Fulani binti Fulani, mama wa Fulani anayeuza samaki sokoni, dada wa mwalimu Fulani wa chuo. Yuko nyumbani kwake, nyuma ya kisima cha zamani. Wanawake wanaoosha wanahitajika sasa. Sala ni baada ya Adhuhuri msikiti wa Ijumaa, maziko ni makaburi ya upande wa pwani." Kisha linarudiwa lote tangu mwanzo, kwa mwendo ule ule wa polepole. Walioanza kusikia katikati ni wengi kuliko waliosikia tangu mwanzo.

Msiba wa mtu mwenye watoto Unguja, Dar es Salaam, Mombasa au Maskat una swali moja zaidi ambalo lazima liulizwe mapema: maziko yanamngoja mtu au hayangoji? Aliye Unguja anayetazamia boti ya kuja Mkoani, bandari ya Pemba, anataka jibu hilo kabla ya jingine lolote. Ukiacha kulisema, simu ya familia italia mfululizo mpaka betri iishe, na waliofiwa ndio watakaokuwa wanafanya kazi yako.

Nusu wamekuja Alhamisi, nusu wamekuja Ijumaa

Tuliwahi kutangaza maulidi "usiku wa Ijumaa". Wazee wakaja Alhamisi baada ya Isha, wakakuta msikiti umetulia na mabusati hayajatandikwa. Vijana wakaja Ijumaa. Kila upande ukaudhika na mwengine, na pande zote mbili zilikuwa na haki. Kwa hesabu yetu ya asili siku huanza jua likichwa, kwa hiyo usiku wa Ijumaa ni ule unaofuatia mchana wa Alhamisi. Kijana aliyelelewa na saa ya simu, siku yake hubadilika katikati ya usiku. Neno moja, siku mbili.

Usijaribu kuamua nani yuko sawa. Liache neno hilo kabisa katika matangazo. Sema "Alhamisi baada ya sala ya Isha, kuamkia Ijumaa", na kama ni maandishi weka na tarehe.

Saa nazo ni hivyo hivyo. Kijana akiandika "10:00" anakusudia saa nne asubuhi, kwa kuwa ndivyo simu yake inavyomuonyesha, na mzee anasoma saa kumi, anakuja baada ya Alasiri. Andika kwa maneno, "saa nne asubuhi", au ifunge saa kwenye sala. Ila ukiifunga kwenye sala, kumbuka kwamba Magharibi yetu husogea. Mwezi wa Mei huingia karibu na saa kumi na mbili na robo, na Februari hukaribia saa moja kasorobo. Kwa jamaa wa kijijini hilo halina taabu. Mgeni mnayemualika kutoka mjini, mwambieni na saa.

Grupu lina watu wengi, habari haimfikii mtu

Fungua grupu lenu uhesabu. Katika jumbe mia moja za mwisho, matangazo ya msikiti ni mangapi? Letu tulikuta sita. Zilizobaki zilikuwa salamu za asubuhi, picha za maua zenye dua, matangazo ya biashara na mabishano. Mtu anapolizima grupu lisimlilie anajihifadhi, na tanzia inazimwa pamoja na maua. Tiba ni makundi mawili: moja la matangazo, ambalo wasimamizi pekee ndio wanaoweza kuandika, na jengine la mazungumzo kwa anayetaka. La matangazo liwe kimya kiasi kwamba likilia mtu ashtuke.

Wengine hawatumii grupu, wanatuma kwa orodha ya matangazo ya WhatsApp. Hapo kuna kasoro isiyoonekana. Ujumbe wa orodha humfikia tu yule aliyeihifadhi namba yako katika simu yake. Asiyeihifadhi hapati kitu, na wewe huambiwi. Orodha moja haipokei zaidi ya watu 256. Kwa hiyo mtu akisema hapati matangazo, chukua simu yake mbele yake, angalia kama namba ya msikiti imo.

Kwa wenye simu ndogo tunatuma ujumbe wa kawaida, na huko nako kuna jambo lililotugharimu kabla hatujalijua. Ujumbe mmoja wa simu huchukua herufi 160. Ukitia ndani yake herufi moja tu isiyokuwa ya kawaida, kama salamu kwa maandishi ya Kiarabu, alama ya kumsalia Mtume au kikaragosi cha mikono iliyoinuliwa, kikomo hushuka hadi herufi 70, na ujumbe mrefu hukatwa vipande vya herufi 67. Tanzia ya herufi 150 iliyokuwa ujumbe mmoja inakuwa vipande vitatu. Ukiituma kwa watu 200, umelipia 600. Hata ile alama ya juu katika "Ng'ombe", simu ikiipinda kwa ajili ya urembo badala ya kuiacha imenyooka, inatosha kuleta hasara hiyo, na kwetu Micheweni kuna kijiji kizima kinachoitwa Maziwa Ng'ombe. Salamu tunaandika "Assalaamu alaykum" kwa herufi za kawaida, na thawabu haipungui.

La mwisho katika simu ni sauti zilizorekodiwa. Ujumbe wa sauti hauna tarehe. Tanzia niliyoirekodi mwezi mmoja ilizunguka ikarudi baada ya miezi kadhaa, na watu wakaanza kumpigia mtoto wa marehemu kumpa pole upya. Sasa kila sauti inaanza kwa siku na tarehe, ya Kiislamu na ya kawaida, pamoja na mwaka. Ni sekunde tano.

Akina mama hawaji kwenye kikao

Kamati nyingi huishia kusema wanawake hawana hamu. Kwetu hilo lilisemwa mbele yangu, na nilikuwa karibu kulikubali, mpaka nilipoangalia tarehe za vikao vilivyokosa watu. Vyote vilikuwa mwanzo au katikati ya mwezi wa Kiislamu, saa nne asubuhi. Hayo ni maji ya bamvua. Mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, bahari hupwa sana, na kwetu kupwa huko huangukia kati ya saa nne na saa sita mchana. Ndiyo saa ambayo mwanamke mwenye shamba la mwani hawezi kuwa mahali pengine popote. Yuko ndani ya maji mpaka magotini, na tangazo letu lilikuwa limemtaka achague baina ya kikao na chakula cha watoto wake.

Vikao vya akina mama sasa tunavipanga maji yakiwa mafu, yaani hayapwi sana, tarehe 7 au 8, na tarehe 22 au 23 za mwezi wa Kiislamu. Wavuvi wa dagaa ni kinyume chake: wao huvua usiku wa giza kwa taa, na mbalamwezi ikiwaka hupumzika nyumbani, kwa hiyo kikao chao kikiwa tarehe 14 baada ya Isha kinajaa. Kalenda ya msikiti ni ya mwezi, na bahari inaufuata mwezi ule ule. Yote yako mbele yetu ukutani.

Hilo ni la nafasi. Kabla yake kuna la kufikiwa. Tangazo linalotolewa baada ya sala ya Ijumaa wanalisikia wanaume, na tunadhani watalifikisha nyumbani. Muulize mkeo ni mangapi uliyomfikishia mwezi huu. Tuliweka wanawake wanne, mmoja kila mtaa, wanaopewa tangazo lao moja kwa moja kutoka kwa kamati, kwa simu au kwa mdomo. Watoto wa chuo nao ni wajumbe wazuri kuliko tunavyowadhania. Mwalimu akiwasomesha tangazo la maneno kumi wakalirudia mara tatu kabla ya kutoka, magharibi yake limeingia kila nyumba yenye mtoto.

Na ikiwa tangazo ni la kutolewa Ijumaa, litolewe baada ya salamu, kabla watu hawajavaa viatu. Wakati wa khutba hata kumwambia mwenzako "nyamaza" kumekatazwa, kwa hiyo mtu wa kamati asisimame na karatasi yake hapo.

Michango imeshuka

Soma daftari lako la matangazo. Mmeomba mara ngapi, na mmeeleza mara ngapi kilichopatikana na kilichotumika? Sisi tuliomba pesa za bati Ijumaa sita mfululizo. Bati zikanunuliwa, zikaezekwa, kila mtu akaziona, na hatukusimama hata mara moja kusema zilipatikana kiasi gani na zilibaki ngapi. Tulipoomba ya pampu ya kisima, sanduku likarudi jepesi. Hakuna aliyetutuhumu kwa sauti. Waliacha tu kutia.

Sanduku lifunguliwe mbele ya watu watatu wasiokuwa ndugu, hesabu iandikwe ubaoni siku ile ile, na isomwe Ijumaa inayofuata hata kama ni ndogo, tena hasa kama ni ndogo. Mapato ya wakfu, kama minazi au mikarafuu ya msikiti, yasomwe mbali na michango, kwa kuwa aliyeweka wakfu alikusudia jambo maalumu. Na pesa zinazotumwa kwa simu zina hatari yake: laini husajiliwa kwa alama za vidole za mtu mmoja. Mtu huyo akisafiri, akiugua au akifa, pesa za msikiti zimo ndani ya jina lake. Tangazeni namba hiyo ni ya nani, na salio liangaliwe na watu wawili kila mwisho wa mwezi.

Habari mbili zinapigana

Usiku wa kutazamia mwezi ndio usiku wa dalili hii. Tangazo rasmi la kuandama kwa mwezi Zanzibar hutolewa na Mufti. Wapo jamaa wanaofuata muandamo wa kwengineko, na kila upande una hoja zake za kielimu ambazo si kazi ya katibu kuzihukumu. Kazi yako ni moja: jamaa wajue msikiti wao unasali Idi lini, waambiwe mara moja, kwa sauti ile ile wanayoijua, ikiwa na tarehe. Kabla ya hapo usipeleke mbele ujumbe wowote ulioletewa, hata ukiwa na nembo. Suratul Hujurat, aya ya 6, imetuamrisha kuhakikisha habari kabla ya kuwadhuru watu kwa kutojua. Mpigie unayemjua, msikie kwa sikio lako, ndipo utangaze.

Mtu amejitenga, haji tena wala hasemi sababu

Hii ni dalili ya kimya, na ni nzito kuliko zote. Nenda kwa upole uulize kama jina lake limewahi kutajwa mahali asipopenda. Orodha ya waliopewa zakka kuwekwa kwenye grupu, picha ya mgonjwa kitandani ili watu wachangie, picha ya mzee anapokea futari: anayetuma anadhani anaonyesha uaminifu wa kamati, na anayeonekana anapoteza uso wake mbele ya kijiji. Orodha ya wanaosaidiwa ibaki katika daftari la watu wawili. Kinachotangazwa ni idadi na kiasi. Na ikiwa limeshatokea, kufuta hakutoshi. Kamati iende nyumbani kwake, wazee watangulie, imuombe radhi.

Katibu kaondoka, mawasiliano yamekufa

Simu ilikuwa yake, laini yake, grupu yeye peke yake ndiye msimamizi, na majina yalikuwa kichwani mwake. Kwa hiyo wekeni wasimamizi watatu wa grupu tangu leo, na daftari la karatasi lisilotoka msikitini. Letu lina majina ya nyumbani na ya karatasi ya kila kaya, nani anasoma na nani anataka kuambiwa kwa mdomo, viziwi wawili wanaohitaji ujumbe wa maandishi, waosha maiti wa kike na wa kiume, fundi wa ampli, na nambari zilizo mgongoni mwa ampli. Ukurasa wa mwisho una nyumba kumi na moja ambazo kusi likivuma hazisikii hata baada ya kuigeuza ile honi, na mbele ya kila nyumba jina la kijana anayepita kubisha hodi.